Mahali Alipochimba Nthenya

Jumatatu, Machi 3

Mvua bado. Juzi nimepanda ndengu kwenye vumbi kama kila mtu huku Kathonzweni, na sasa kazi ni kutazama juu.

Darasa la tano wameigiza kitabu changu leo. Walimchagua Mbinya awe Nthenya kwa sababu ana sauti ya kuita ng'ombe, na alipofika pale pa kuchimba kisima alichimba kweli, kwa mikono, hadi akaharibu sakafu ya Mwalimu Gedion. Gedion amesema atanitumia gharama ya simiti. Nimecheka mpaka nikasahau joto.

Nilianza kuandika vile vitabu vidogo kwa hasira. Watoto wangu wanaweza kukutajia mafarao wa Misri na wajenzi wa piramidi, lakini ukiwauliza jina la mtu mmoja tu aliyeishi hapa kabla ya reli, wanatazamana. Nikawaandikia mfua vyuma, mama aliyefuata misafara ya chumvi, mwunga mifupa, na Nthenya, aliyechimba kisima mchangani mwaka wa njaa akawanywesha watu wa kila ukoo. Ni watu ambao hakuna aliyewahi kuwaandika. Shule nyingi zinavitumia sasa, hadi Kambu na Tawa.

Binti yangu Kasyoka hajarudi. Yuko ng'ambo ya ua kwa Umau wake, babu yake, anamsomea. Macho ya Baba Mkubwa Mulei yamefunikwa na mtoto wa jicho, na yeye hukataa upasuaji lakini hakatai hadithi.

Jumanne, Machi 4

Joto. Hakuna jipya.

Ijumaa, Machi 7

Baba Mkubwa amekuja kwangu na kitabu changu kwapani. Yeye ndiye kaka mkubwa wa marehemu baba, mzee wa nyumba yetu, na mashemasi wote kanisani husimama akiingia. Sikuwahi kumwona akitembea na kitabu kisicho Biblia.

Kesi yake na Mzee Nthiwa, jirani yetu wa chini, ni ya tangu zamani. Wanagombania ile kona ya mto penye mwamba mweupe, kwa sababu hata kiangazi kikali ukichimba mchanga pale unapata maji. Kortini kesi inaahirishwa tu. Sasa Nthiwa amechoka. Amesema mbele ya wazee: kama Mulei ana uhakika kwamba kisima cha Nthenya wa ukoo wao kilikuwa kwenye kona ile, basi ale kithitu.

"Na nitakula," Baba Mkubwa akaniambia, akipigapiga kitabu. "Hii kitabu yako imeniamsha, Mwongeli. Nilikuwa nimesahau kitu nyingi. Jumanne wataleta kithitu kutoka upande wa Kitui."

Nimeandika neno hilo na mkono umekuwa mzito. Nilikiona mara moja tu nikiwa mdogo, kwa mbali: kifurushi cha ngozi na pembe ambacho hakuna ajuaye vyote vilivyomo. Hakishikwi kwa mkono na hakiwekwi juu ya udongo. Unakipiga kwa kijiti huku ukisema neno lako. Ukisema kweli unaenda zako. Ukidanganya, mvua ya msimu huo haiishi kabla hakijaila nyumba yako, na hakianzi na mwenye kosa. Huanza na wadogo. Kwetu husemwa mtu amekula kithitu, lakini kila mtu anajua ni nani anayeliwa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili na siamini mambo haya. Nimejiambia hivyo jikoni, kwa sauti.

Tatizo ni hili. Hadithi ya Nthenya nilipewa na Susu, nyanya yangu mzaa baba, kabla hajafa. Susu hakutaja mahali. Nilimuuliza, akasema hapajulikani. Ile kona ya mwamba mweupe niliiweka mimi, kwa sababu watoto hupenda hadithi ikitokea mahali wanapopajua. Mwisho wa hadithi niliukata kwa sababu ungewaliza. Sikumdanganya mtu, nilikuwa natunga kitabu cha watoto.

Jumamosi, Machi 8

Sikula vizuri. Nimefua hata nguo safi.

Jumapili, Machi 9

Baba Mkubwa ndiye aliyeomba ombi la mvua kanisani. Aliomba vizuri, akalia, na watu wakasema amina hadi mabati yakatetemeka. Nusu ya wale waliosema amina wanajua kuhusu Jumanne. Mchungaji hajui, au anajua na hataki kujua, kama chifu wetu ambaye ghafla ana safari ya Wote Jumanne hiyo hiyo. Nikimwambia mchungaji, Baba Mkubwa atatengwa na kanisa mbele ya watu. Nikinyamaza, basi.

Kesho lazima nimwambie Baba Mkubwa mwenyewe.

Jumatatu, Machi 10

Sikumwambia. Nimesahihisha madaftari.

Jumanne, Machi 11

Nimekwenda kwake asubuhi akinywa chai, nikiwa nimebeba chupa ya maziwa ili nionekane nina sababu. Amevaa koti la harusi na la mazishi, ni moja. Njiani nilikuwa nimeyapanga maneno yote.

"Baba Mkubwa," nikaanza, "hii mambo ya kona. Una uhakika ni pale?"

"Kaa chini," akasema, wala hakukasirika. Uso wake ulikuwa mlaini kama wa mtu anayeota jua. "Baba yangu alinipeleka pale nikiwa mdogo. Alinishika mkono. Akaniambia, hapa ndipo Nthenya alichimba. Akanionyesha ile mwamba, mahali kamba yake ilichora mifereji, kama vidole vya mtu aliyekataa kuachilia. Niliweka vidole vyangu ndani, Mwongeli. Mpaka leo nasikia baridi ya hiyo mwamba. Siku hizi mchanga umeifunika."

Kama vidole vya mtu aliyekataa kuachilia. Hiyo ni sentensi yangu. Ukurasa wa kumi na moja. Niliiandika kwenye meza ya jikoni, nikaifuta, nikaiandika tena, nikajisifu. Hakuna mifereji kwenye ule mwamba, na haijawahi kuwapo. Nimefua nguo juu yake tangu nikiwa msichana.

Angekuwa anadanganya ningejua la kufanya. Alikuwa anakumbuka. Macho yake meupe yalikuwa yametulia kwangu, na alikuwa anamwona baba yake.

"Ulikuwa unataka kusema nini?" akaniuliza.

"Nimekuletea maziwa," nikasema.

Hayo tu. Mungu anisamehe, maneno yote niliyokuwa nayo yakawa maziwa.

Wanawake hawaruhusiwi karibu. Tulitazama kutoka kwenye shamba la mbaazi, mimi na wake wa binamu zangu. Mzee kutoka Kitui alikuja amebebewa kifurushi kwenye mti mrefu, vijana wawili, kila mmoja ncha yake, na walitembea kwa uangalifu mkubwa. Walikitegesha juu ya mawe. Watu wakahama wasisimame upande unaokwenda upepo. Nikamwona Baba Mkubwa akiongozwa hadi pale, akapewa kijiti, akakiinua. Sikusikia alichosema, ila niliuona mkono ukishuka, kisha ukashuka tena.

Mke wa binamu yangu akanivuta nguo. "Mwongeli, unatetemeka nini? Si ni ukweli?"

Nikasema ni malaria.

Jumatano, Machi 12

Mvua bado. Tangu jana hatuli wala hatuazimani chochote na watu wa Nthiwa mpaka msimu uishe. Mbinya, ambaye ni wa kwa Nthiwa, amehamishwa dawati asiketi na Kasyoka. Watoto wamelia.

Ijumaa, Machi 14

Punda wa Baba Mkubwa amekufa.

Ni punda mzee. Alikuwa mzee hata mwaka juzi. Nimemwambia kila mtu hivyo, na kila mtu ameniitikia haraka mno.

Jumanne, Machi 18

Nimempigia simu baba Kasyoka. Yeye anaziba magurudumu ya malori huko Kambu, huja nyumbani mwisho wa mwezi. Nimemweleza yote, kona, sentensi, punda. Alicheka. "Mwongeli wewe ni mtu wa kuokoka na unaogopa ngozi ya mbuzi?" Nikacheka pia, nikasikia nafuu kubwa, tukaongea juu ya karo.

Aliwasili jioni hiyo hiyo, na mfuko wake, bila kusema kwa nini ameacha kazi. Alimtazama Kasyoka akila. Alimtazama mpaka mtoto akauliza kama ana kitu usoni.

Jumapili, Machi 23

Mawingu meusi, radi, watu wakatoka nje na ndoo. Ikanyesha ng'ambo. Ikanyesha kwa Nthiwa, tukaiona ikitembea kwenye shamba lake kama pazia jeupe, ikafika mtoni, ikakoma. Kwetu halikuanguka tone.

Mvua za huku ndivyo zilivyo. Kila mwaka hunyesha shamba hili zikaruka lile, na nimewafundisha watoto sababu zake kwenye somo la jiografia. Leo nilisimama mlangoni na jiografia yangu yote, na haikunisaidia kitu. Baba Mkubwa naye alikuwa amesimama kwenye mlango wake, hakuona mvua ila aliisikia. Akauliza kwa sauti, "Imefika?"

Jumanne, Machi 25

Kasyoka amemaliza chakula chote. Namhesabia vijiko kama mwendawazimu.

Jumamosi, Machi 29

Kasyoka hakumaliza chakula. Anasema kichwa.

Jumatatu, Machi 31

Homa. Usiku kucha, na mchana wote wa leo. Baba yake amembeba mgongoni hadi barabarani tukapata gari la kwenda hospitali, na njia nzima mtoto alikuwa akiongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu, akiita Umau, akisema mchanga unaingia. Mchanga unaingia. Kitabuni mwangu kuna mahali mchanga unaporomoka Nthenya akichimba. Najua anakijua kitabu kwa moyo, najua homa huchanganya mambo, na bado nilitaka kumziba mdomo asiendelee.

Muuguzi alimtoboa kidole. Akarudi na karatasi. "Ni malaria, mama. Amekuja kwa wakati, lakini iko juu. Atalazwa."

Nilimuuliza, "Ni malaria tu?" Akanitazama. "Malaria si tu," akasema.

Mungu, kama kithitu ni kitu cha bure, mbona jibu la muuguzi halinitoshi? Kama si cha bure, mbona umchukue huyu na mimi ndiye niliyeandika? Nimepiga magoti kati ya vitanda, na mama wa kitanda cha pili akapiga magoti pamoja nami bila kuuliza ni nini. Nimemwonea wivu kwa kutokujua.

Alhamisi, Aprili 3

Homa imeshuka kidogo. Baba yake amebaki naye, mimi nimerudi nyumbani kutafuta nguo, na nguo nimeziacha kitandani nikaenda moja kwa moja kwa Baba Mkubwa. Safari hii sikubeba maziwa.

Nilimkuta kwenye kiti chake, hajanyoa. Nikasema kabla sijaketi. "Kona ile nilibuni mimi. Susu aliniambia hapajulikani. Mifereji kwenye mwamba nilibuni. Baba yako hakukuonyesha."

Akageuza uso kwangu. "Unaniita mwongo?"

"Hapana."

"Mimi nimekula kithitu, Mwongeli! Mbele ya watu! Unakuja kuniambia sikumjua baba yangu?" Alisimama, akatafuta fimbo yake, akaikosa. "Niliweka vidole. Niliweka vidole ndani ya hiyo mwamba!"

Nikamwambia mwisho wa hadithi, ule nilioukata. Nilimwambia kama Susu alivyoniambia. Nthenya alichimba akapata maji, na watu wa kila ukoo wakanywa, mpaka wakapona. Walipopona wakaanza kuuliza kisima ni cha nani. Ndugu wawili wakapigana kwenye ukingo, mmoja akamuua mwenzake. Siku ya mazishi watu wote walikwenda, isipokuwa Nthenya. Alibaki peke yake akakijaza kisima mchanga kwa mikono ile ile, akausawazisha, akatembeza ng'ombe juu. Waliporudi wakamuuliza kiko wapi, akasema, kilikuwa cha wenye kiu. Wakahama. Hakumwambia mtu yeyote mpaka akafa.

"Ndiyo maana hapajulikani," nikasema. "Si kwamba watu walisahau. Yeye mwenyewe alikataa pajulikane. Na mimi nikaja nikapaweka kitabuni."

"Toka," akasema.

Nilitoka. Nyuma yangu nilimsikia akiendelea kupapasa fimbo sakafuni, nami sikurudi kumpa, kwa sababu nilikuwa ninaogopa mikono yake, iliyoshika kile kijiti.

Jumapili, Aprili 6

Kasyoka ameruhusiwa. Amekonda, macho yamekuwa makubwa. Hatujaenda kanisani. Baba Mkubwa naye hakwenda, jambo ambalo halijatokea tangu nizaliwe.

Jumanne, Aprili 8

Nataka kuandika hili polepole.

Kasyoka ameamka akisema anataka kumsomea Umau. Nikakataa. Akalia kilio cha mgonjwa, kile kisicho na sauti, na baba yake akanikodolea macho hadi nikampeleka mwenyewe. Baba Mkubwa alikuwa ameketi nje kivulini. Hakunisalimu. Lakini aliposikia miguu ya mtoto alinyoosha mkono, akaupata uso wake, akayapapasa mashavu yaliyoingia ndani.

"Umepona, mwana wakwa?"

"Nimepona, Umau. Nikusomee Nthenya? Tulikuwa tumefika ile ya mwamba."

Nilifungua mdomo kusema chagua kingine. Baba Mkubwa akainua mkono kwangu.

Kasyoka akasoma. Husoma taratibu, kwa kuvuta maneno, kwa sababu ndivyo nilivyomfundisha ili mzee asikie. Akafika ukurasa wa kumi na moja. "Na kamba yake ikachora mifereji juu ya mwamba, kama vidole vya mtu aliyekataa kuachilia."

"Rudia hapo," Baba Mkubwa akasema.

Akarudia.

"Rudia tena. Polepole."

Akarudia. Mzee alikuwa amefumba macho yasiyoona, kichwa ameinamisha upande, kama anayejaribu kutambua mtu anayebisha mlango. Kisha akavua kofia akaiweka magotini. Akakaa hivyo mpaka Kasyoka akaniangalia akiogopa kwamba amekosea.

"Nisome mbele, Umau?"

"Hapana," akasema. "Hapana, mama yangu. Umesoma vizuri sana." Kisha akageukia upande nilipokuwa, na sauti yake sijawahi kuisikia ikiwa ndogo hivyo. "Ni huyu. Ile sauti nasikianga ikiniambia hapa ndipo Nthenya alichimba. Nilidhani ni ya baba. Nimejaribu sasa kusikia ya baba, na siipati. Ni ya huyu mtoto."

Nilimshika mkono. Tulikuwa tunatetemeka sote wawili, na Kasyoka, asiyejua lolote, akatufunika na shuka lake.

"Mwongeli," akasema baadaye, "baba alinishika mkono? Ama hiyo pia iko kwa kitabu?"

Iko kitabuni, ukurasa wa pili. Baba anamshika mwanawe mkono, anampeleka mtoni. Nilitamani kumwachia angalau hiyo. Nikamwambia kweli.

Jumatano, Aprili 9

Ametuma watu Kitui kumwita mwenye kithitu, aje avunje kiapo. Gedion aliposikia amesema, "Aki huyo mzee ana moyo. Mimi ningekufa nayo hivyo hivyo." Sikucheka.

Jumamosi, Aprili 12

Safari hii wanawake na watoto tulitakiwa, kwa sababu ni nyumba nzima inayosafishwa. Nthiwa na watu wake walikaa upande mmoja wa kona, sisi upande mwingine. Kifurushi kilikuwa pale pale juu ya mawe. Nilimweka Kasyoka nyuma yangu.

Baba Mkubwa alisimama bila kuongozwa. Alisema alikula kwa kitu alichodhani alikiona, na kumbe alisomewa. Hakusema ni nani aliyemsomea. Watu wa Nthiwa walinong'ona, kijana mmoja akacheka, na Nthiwa mwenyewe akamkemea kijana huyo vikali. Nthiwa alikuwa ameogopa kama sisi. Nimewajua watu hawa maisha yangu yote na sikuwahi kufikiri kwamba wao pia wanaweza kuwa wanatuogopea.

Mwenye kithitu, mzee mfupi aliyevaa sweta ya shule ya mtu mwingine, akauliza neno hilo lilianzia wapi. Nikajitokeza. Nikaisimulia hadithi yote, pamoja na mwisho, mbele ya nyumba zote mbili, tukiwa tumesimama mahali nilipopabuni. Nilipofika pale Nthenya anapokijaza kisima, mke mkubwa wa Nthiwa alisema "Aiee" polepole.

Wakamchinja mbuzi. Wakatunyunyizia maji ya utumbo wake, wakubwa kwa wadogo, nyumba ya Mulei yote, na Kasyoka akakunja pua. Mzee wa Kitui akaliomba neno lile lirudi lilikotoka. Nthiwa akasema kona ibaki bila mwenyewe, anayetaka maji achimbe na afukie. Baba Mkubwa akasema sawa. Miaka yote ya korti, na iliisha kwa sawa.

Walipokuwa wakifunga kifurushi nilimfuata yule mzee, nikasimama mbali kidogo. "Na mimi je?" nikamuuliza. "Nisafishwe vipi?"

Alinitazama vizuri, hakuwa mkali. "Wewe hukukula," akasema. "Wewe uliandika. Hiyo sisi hatuna dawa yake."

Jumapili, Aprili 20

Pasaka. Mvua imenyesha tangu alfajiri, kwetu na kwa Nthiwa na kila mahali. Kasyoka ameruka kwenye madimbwi mpaka baba yake akamrudisha ndani. Baba Mkubwa amesimamishwa kushiriki meza ya Bwana, kwa sababu mchungaji hatimaye amejua. Aliketi benchi la nyuma na kuimba bila kitabu.

Ningepaswa kufurahi, na nimefurahi. Lakini lile jibu la mzee linanifuata jikoni. Nakiona kitabu changu kwenye rafu za shule nisizowahi kufika.

Jumatano, Aprili 30

Shule zimefunguliwa. Nimechapisha ukurasa mmoja wenye mwisho wa kweli na maneno haya: mahali hapajulikani, na Nthenya alitaka iwe hivyo. Nitazunguka shule zote niubandike kwa mkono wangu. Nimeanza na yetu. Mbinya amesema huu mwisho ni mbaya sana, kisha akaomba autumie kuigiza.

Jumanne, Mei 13

Kambu. Nimebandika. Ndengu zimeota vizuri.

Jumatano, Mei 21

Tawa. Mbali na kwetu, milima, baridi asubuhi. Mwalimu wao alinipokea vizuri, darasa likasimama likaniimbia salamu, na nikawasomea hadithi yote pamoja na ukurasa mpya. Walisikiliza vizuri. Nilianza kupumua.

Msichana wa mbele akainua mkono. Anaitwa Kavindu, ana pengo la meno mawili.

"Mwalimu, lakini sisi tunajua mahali. Iko kwetu huko nyuma ya mlima. Umau alionyeshwa na babake."

Nikamuuliza kwa upole alionyeshwa nini.

"Mwamba. Iko na alama ya kamba, kama vidole vya mtu aliyekataa kuachilia. Babake alimshika mkono akampeleka."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa, wote wanajua.

"Umau wako husoma, Kavindu?"

"Hapana, macho yake yalikufa. Mimi ndio humsomea." Alijivuna kidogo. "Na wale wa ng'ambo wanasema ni kwao, lakini wanadanganya. Umau amesema yuko tayari kula kithitu."

Nikaweka chaki chini. Nikamwomba mwalimu wake ruhusa, nikamwambia Kavindu achukue mkoba wake anipeleke kwao, sasa hivi, kabla sijaanza kutafuta maziwa ya kubeba.